Oman Kutoka Dirishani: Bwawa Kavu la Al Khoud

Oman ina kilomita za mraba 309,500 na watu wapatao milioni 5. Ilianza kuuza mafuta nje mwaka 1967, na tangu 2020 inatawaliwa na Sultani Haitham. Hayo yatosha; mengine yamo katika vitabu vya jiografia. Anayetua Maskati ndege ikitokea magharibi na akae dirisha la kulia, upande wa Milima ya Hajar. Majumba meupe ya mji atayaona tu. Cha kutafuta ni ukuta mrefu wa zaidi ya kilomita 5 uliokatiza mkondo wa maji, nao ni bwawa la Al Khoud lililojengwa mwaka 1985. Sehemu kubwa ya mwaka ni kavu kabisa, na mtu wa Buna, kwetu Wajir, atadhani ni mradi uliokufa. Kumbe ukavu ndio kazi yake. Mafuriko yakishuka milimani huzuiwa pale, tope likatuama, kisha maji huachiwa polepole yazame kwenye changarawe ya chini, yajaze visima na kuisukuma nyuma chumvi ya bahari.

Maskati hupata takriban milimita 100 za mvua kwa mwaka, ilhali Wajir hupata zaidi ya maradufu. Hata hivyo, laga zetu, yaani mikondo ya mito ya msimu, zikifurika wakati wa mvua za gu au deyr, maji hupita yakikata barabara, na miezi michache baadaye twangoja lori la maji. Tunachimba silanga, yaani mabwawa ya kuchimbwa, zilizo wazi, jua likazinywa pamoja na mifugo. Atakayesema Oman ina pesa za mafuta asema kweli kuhusu ukuta ule, lakini zaidi ya mifereji 3,000 ya maji iitwayo falaj ingali inatumika huko, na mingi ilichimbwa karne nyingi kabla ya mafuta. Tena Ukambani wanavijiji wamejenga mabwawa ya mchanga kwa mikono yao. Pingamizi la tope ni zito zaidi: hata Al Khoud tope huziba changarawe lisipoondolewa, na si kila laga ina ardhi ya kunywa maji. Ndiyo maana kaunti yetu ianze na wapima ardhi, laga moja baada ya nyingine, kabla ya kutoa zabuni ya silanga nyingine.