Bluetooth kwenye redio ya zamani: sauti iingilie wapi?

Magari mengi yanayotembea Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Kampala yaliundwa kwa ajili ya soko la Japani, na redio zake vilevile. Chukua Toyota Premio ya mwaka 2003. Redio yake ni pana, imekaa sawasawa kwenye dashibodi, ina CD, pengine na kaseti au MD, na amplifaya yake inasukuma spika nne bila shida. Kinachokosekana ni mlango wa simu. Mwenye gari ana nyimbo, mawaidha na vipindi vyake kwenye simu, na akienda dukani kuuliza anaambiwa moja kati ya mawili: anunue kifaa cha kuchomeka kwenye tundu la kiberiti, au ang'oe redio aweke skrini ya Android.

Majibu yote mawili yanaruka swali linalopaswa kutangulia. Kipokezi cha Bluetooth, hata cha bei ndogo, kinafanya kazi yake vizuri. Simu inaubana wimbo, inaurusha kwa mawimbi ya 2.4 GHz, kipokezi kinaufungua na kutoa sauti ya kushoto na ya kulia kwenye nyaya mbili. Hasara ya hatua hiyo ni ndogo, na ndani ya gari linalotembea wachache wataitambua. Sauti inaharibikia baada ya hapo, katika ile safari fupi kutoka kwenye kipokezi hadi kwenye amplifaya ya redio. Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha, uliza: kwenye redio yangu, sauti itaingilia wapi?

Njia inayouzwa zaidi ndiyo mbaya zaidi. Kifaa cha tundu la kiberiti ni kituo kidogo cha FM. Kinapokea wimbo kwa Bluetooth, kisha kinautangaza upya ili redio iudake kwa antena yake. Sauti ya FM haivuki kilohezi 15, kwa hiyo ule mng'ao wa juu wa matoazi na herufi za "s" unapungua. Hilo linavumilika. Lisilovumilika ni kelele. Kifaa hiki kina nguvu ndogo sana, na ndivyo inavyotakiwa. Ulaya, kwa mfano, sheria inavibana vifaa hivi visizidi nanowati 50, ili visiingilie majirani. Katika mji ambao bendi ya FM imejaa, kituo halisi chenye mnara kinakishinda kila unapopanda mlima au kupita karibu na mnara wenyewe.

Kwa gari la Japani kuna tatizo la ziada ambalo muuzaji hatakueleza. Bendi ya FM ya Japani ilikuwa megahezi 76 hadi 90, na redio za miaka ya karibuni zinafika 95. Yetu inaanza 87.5 na kuishia 108. Redio ya Premio yetu na kifaa kipya cha kiberiti vinakutana kwenye kipande kifupi tu, 87.5 hadi 90, na kipande hicho katika miji mikubwa hakikosi vituo.

Ndiyo maana magari haya hufungwa ekspanda, kile kiboksi kidogo kinachokaa kati ya waya wa antena na redio. Ekspanda inashusha masafa yote yanayoingia kwa kiasi kilekile. Tuseme yako inashusha 12. Kituo cha 98.0 utakipata redio ikisoma 86.0, na redio nzima, kutoka 76 hadi 90, itakuwa inasikia vituo vya 88 hadi 102. Vya juu ya hapo huvipati. Sasa mtu anakuja na kifaa chake, anakiweka 88.0, anatafuta 88.0 kwenye redio, anasikia upepo mtupu na kurudisha kifaa dukani akidai kibovu. Kifaa ni kizima. Matangazo yake yameingia kwenye antena, yamepita kwenye ekspanda, yameshushwa 12, na yako kwenye 76.0. Kama huna njia nyingine isipokuwa hii, kwanza jua ekspanda yako inashusha kiasi gani. Tafuta kituo unachokifahamu masafa yake halisi, soma namba iliyo kwenye redio, kisha toa. Halafu pita bendi nzima polepole utafute mahali patupu, weka kifaa kwenye masafa hayo pamoja na ile tofauti, na sauti ya simu uiweke juu karibu na mwisho huku ile ya kifaa ikiwa ya kati. Ukifanya kinyume chake, kelele inapanda pamoja na wimbo.

Kifaa cha kiberiti kina ndugu mwenye nidhamu zaidi: modyuleta ya FM ya waya. Hii haitangazi hewani. Inakaa kwenye waya wa antena, na ukiiwasha inaikata antena na kuingiza sauti yako moja kwa moja kwenye redio, kwa hiyo vituo vya nje havina nafasi ya kuingilia. Nyingi zinatumia masafa ya karibu na 88, yaani ndani ya uwezo wa redio ya Kijapani. Sharti ni moja: fundi aifunge kati ya ekspanda na redio. Akiifunga upande wa antena, kabla ya ekspanda, utarudi kwenye hesabu ya kutoa. Mpaka wa kilohezi 15 unabaki, lakini utulivu wa sauti ni tofauti kabisa, na kwa redio isiyo na mlango wowote mwingine naipendekeza bila wasiwasi.

Lakini usiseme redio haina mlango kabla hujaitazama nyuma. Watu wengi wanatazama uso tu. Kama kuna tundu la AUX usoni, kazi imeisha: kipokezi kidogo na waya wa milimita 3.5 vinatosha. Baadhi ya redio zenye skrini zina kitufe cha AUX au VTR huku tundu lenyewe likiwa nyuma, halijawahi kuguswa tangu gari litoke kiwandani. Ukiivuta redio ya Toyota utakuta plagi ya pini 10, ambayo ni ya umeme na spika za mbele, na ya pini 6 ya spika za nyuma. Kando ya hizo mara nyingi kuna tundu la pini 12 lililo tupu, zikiwa zimegawanywa 5 na 7 au 6 na 6. Hilo liliwekwa kwa ajili ya CD chenja, sanduku la diski lililokuwa likifungwa kwenye buti au chini ya kiti.

Tundu la chenja ni hazina, ila halifunguki kwa kuunganisha nyaya za sauti peke yake. Redio na chenja vinazungumza kupitia nyaya mbili za data, mfumo ambao Toyota inauita AVC-LAN, na redio haifungui mlango wa sauti mpaka isikie kwamba chenja ipo. Hivyo unahitaji kifaa kinachojifanya chenja. Kinaijibu redio kama ambavyo sanduku la diski lingejibu, na redio inapodhani inacheza diski, inapokea wimbo wa simu yako. Vifaa vya namna hii vinatengenezwa kwa Toyota, Honda, Mazda, BMW, Volkswagen na wengine, kila mmoja na plagi yake. Sauti inaingia kwa waya na haigusi FM. Vingi vinakuruhusu hata kuruka wimbo kwa vitufe vya redio yenyewe. Kwangu mimi hii ndiyo kazi safi kuliko zote. Gharama yake inazidi ile ya kifaa cha kiberiti mara kadhaa, na inastahili.

Redio ya kaseti ina njia yake rahisi: kaseti bandia yenye Bluetooth, ambayo kichwa chake cha sumaku kinagusana na kichwa cha deki. Inafanya kazi ikiwa mota na mikanda ya deki bado ni mizima. Fundi mwenye uzoefu anaweza pia kufungua redio na kuingiza sauti kwenye saketi. Hapo lazima ajue anaingilia wapi. Kichwa cha kaseti kinatoa umeme usiofika hata milivolti moja, na kipokezi cha Bluetooth kinatoa mamia ya milivolti. Akiunganisha kwenye kichwa, utasikia mngurumo na mikwaruzo. Anatakiwa aingie baada ya saketi ya kukuza sauti ya kichwa, kabla ya kitengo cha kuchagua chanzo na kurekebisha besi, na aweke kapasita kwenye kila waya ili kuzuia umeme wa DC. Kwenye redio ya CD mbinu ni hiyohiyo, isipokuwa lazima diski iwe inazunguka ndio mlango wa CD ubaki wazi. Mafundi huchoma diski yenye ukimya mtupu kwa kazi hiyo.

Sasa nifike kwenye lalamiko la kawaida kuliko yote baada ya kufunga: mlio mwembamba unaopanda kila unapokanyaga mafuta na kushuka ukiachia. Wengi hulaumu kipokezi na kununua kingine, na mlio unabaki palepale. Chanzo ni alteneta na njia mbili za waya hasi. Kipokezi kimepata hasi yake kwenye tundu la kiberiti, waya wa sauti nao una hasi inayokwenda kwenye redio, na redio ina hasi yake kwenye bodi mahali pengine. Mkondo mkubwa wa gari unapita kwenye bodi hiyohiyo, kwa hiyo kati ya sehemu hizo mbili kunakuwa na tofauti ya milivolti chache inayocheza pamoja na mzunguko wa alteneta. Amplifaya haiwezi kuitenganisha na wimbo. Inavikuza vyote pamoja.

Jaribio lake halihitaji mita. Chomoa kipokezi kwenye umeme wa gari, kiendeshe kwa pawabenki, injini ikiwa inawaka. Mlio ukitoweka, umempata mhalifu. Hatua ya kwanza ni kuchukua chanya na hasi ya kipokezi nyuma ya redio yenyewe, kwenye hasi ileile inayotumiwa na redio. Mara nyingi hilo linatosha. Lisipotosha, weka kigeuza umeme cha aina iliyotengwa, ambacho ndani yake pande mbili haziunganishwi kwa waya, kati ya gari na kipokezi. Kuna pia transfoma ndogo za kuunga kwenye waya wa sauti, zinauzwa kila mahali Kariakoo na Luthuli Avenue. Zinaua mlio kweli, lakini zile za bei ya chini kabisa zinakula besi. Kwa anayependa taarabu au rumba na gitaa lake la besi, hasara hiyo inasikika tangu wimbo wa kwanza.

Kuhusu umeme kwa jumla: vipokezi vingi vinataka volti 5, na gari linalowaka linatoa karibu volti 14. Lazima kuwe na kigeuza cha kushusha, na fyuzi ya ampea 1 karibu na mahali unapochukua umeme. Chukua kwenye waya wa ACC, unaozimika ukitoa funguo. Kipokezi kilichounganishwa kwenye waya wa kudumu kikila miliampea 50 tu, kinamaliza ampea-saa 1.2 kwa siku, na gari lililoachwa wiki mbili uwanja wa ndege litakusubiri na betri iliyochoka. Usiamini rangi za nyaya. Rangi za kiwandani hazifanani na za redio za dukani, kwa hiyo fundi apime. Na plagi za njano zilizo karibu na usukani zisiguswe kabisa, hizo ni za airbag.

Jambo moja liulizwe kabla redio haijavutwa. Baadhi ya redio zinajifunga zikikosa umeme. Nyingine zinadai namba ya siri, na baadhi ya zile za Toyota zenye skrini na ramani zinadai kadi ya SD ya ramani iliyokuja na gari, kadi ambayo wengi wameshaitoa ili watumie tundu kwa nyimbo. Kuchomoa redio ni sawa na kuchomoa betri. Kama kadi au namba huna, baki na njia isiyogusa plagi za nyuma.

Skrini ya Android siikatai kila mahali. Redio ikiwa imekufa, au ukitaka kamera ya nyuma, ina sababu. Ila redio pana ya Toyota ina upana wa milimita 200, na nyingi za dukani zina 180, kwa hiyo utaona vipande vya plastiki pembeni. Na zile za bei ndogo, upokeaji wake wa FM hauifikii redio ya kiwandani uliyoitoa.

Ukitaka kupokea simu pia, hakikisha kipokezi kina maikrofoni ya waya, kwa sababu Bluetooth ya muziki na ya mazungumzo ni huduma mbili tofauti na vifaa vingine vina ya kwanza tu. Pitisha waya kwenye nguzo ya kioo cha mbele, maikrofoni ikae usawa wa kichwa cha dereva, mbali na matundu ya AC. Ikifichwa ndani ya dashibodi, anayekupigia atasikia feni kabla ya kukusikia wewe.