Kabla ya Kununua Doki ya Monita Mbili, Ichunguzwe Kwanza Kompyuta

Miongoni mwa miradi inayoanzishwa na vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kwa mikopo isiyo na riba, itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, ni steshenari zinazowajazia wananchi maombi ya mtandaoni: vyeti vya kuzaliwa, ajira na mikopo ya elimu ya juu. Katika kazi hiyo skrini ya ziada ina manufaa makubwa. Mtoa huduma huweka nyaraka upande mmoja na fomu upande wa pili, naye mteja huona jina lake likiandikwa na kusahihisha herufi iliyokosewa kabla ombi halijatumwa.

Je, doki inahitajika?

Kompyuta mpakato yenye tundu la HDMI huunganishwa na monita moja kwa waya tu; pamoja na skrini yake yenyewe, zinakuwa mbili. Kikundi kinachotosheka na hizo hakina sababu ya kununua doki. Doki ni kifaa kinachounganishwa na kompyuta kwa waya mmoja, kisha kikatoa matundu ya monita, printa, kibodi na intaneti. Mara nyingi huhitajika pale zinapotakiwa monita mbili au zaidi za nje. Kigawanyio cha HDMI cha bei nafuu hakichukui nafasi yake, kwa kuwa hurudia picha ileile katika kila monita.

Umbo la tundu halitoshi

Hasara nyingi huanzia hapa. Matundu ya USB-C yana umbo moja, lakini kazi zake hutofautiana: mengine hupitisha data pekee, mengine data na umeme, na mengine hupitisha picha pia. Doki ya kawaida ya USB-C ikichomekwa kwenye tundu lisilopitisha picha, printa na kibodi vitafanya kazi, lakini monita zitabaki nyeusi, ilhali doki yenyewe ni nzima. Uthibitisho hupatikana katika maelezo ya mtengenezaji kuhusu modeli husika ya kompyuta.

Kompyuta isiyo na tundu la kupitisha picha inaweza kutumia doki ya teknolojia ya DisplayLink, ambayo hufanya kazi hata kupitia tundu la kawaida la USB. Doki hiyo huhitaji programu yake isakinishwe, na huipa kompyuta kazi ya ziada. Kwa uchapaji na fomu inafaa. Kwa uhariri wa video si chaguo bora.

Tahadhari kama hiyo inawahusu wenye MacBook Air za M1 na M2. Kwa uwezo wake wenyewe, kompyuta hizo huendesha monita moja tu ya nje. Doki ya kawaida yenye matundu mawili ya HDMI haibadilishi jambo hilo. DisplayLink ndiyo njia inayotumika.

Umeme na ubora wa picha

Chaja ya kompyuta huandikwa wati zake, kwa mfano 65. Doki itakayoichaji kompyuta iwe na uwezo wa kuipatia kiasi hicho au zaidi. Vinginevyo betri inaweza kupungua wakati kazi ikiendelea. Kwa nyaraka, monita za 1920 kwa 1080 zinatosha. Anayehitaji 4K ahakikishe doki inatoa picha 60 kwa sekunde katika monita zote mbili, kwani zipo zinazoishia 30, na mshale wa kipanya huonekana ukirukaruka.

Siku ya kununua

Kompyuta itakayotumika ipelekwe dukani. Doki ijaribiwe kwa monita mbili zinazoonesha vitu tofauti, si picha moja iliyorudiwa, huku kompyuta ikichajiwa. Kikundi kidai risiti ya kielektroniki na dhamana ya maandishi, kwa sababu marejesho ya mkopo hudaiwa hata kama kifaa kimebaki kabatini.

Vikundi vinavyoandaa maombi ya mkopo vinashauriwa kuandika jina kamili la modeli ya kompyuta katika orodha ya vifaa na kumwona Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata, ili Kitengo cha TEHAMA cha Halmashauri kiombwe ushauri kabla ya ununuzi.