Macho ya mashabiki humwinua mzoefu, humlemea mwanagenzi

Machi 24, 2007, kisiwa cha Mombasa, ambacho Makupa ni lango lake la kutokea bara, kilikuwa mwenyeji wa Mbio za Nyika za Dunia. Umati uliwashangilia Wakenya kwa vifijo, lakini taji la wanaume likachukuliwa na Zersenay Tadese wa Eritrea, baada ya bingwa mtetezi, Kenenisa Bekele wa Ethiopia, kushindwa kumaliza. Joto la Pwani ndilo lililolaumiwa.

Je, vifijo husaidia? Mwaka 1965, mwanasaikolojia Robert Zajonc alieleza kwamba kutazamwa huuamsha mwili, nao mwili ulioamshwa hukimbilia lile ulilolizoea. Aliyekomaa kwa mazoezi huimarika. Anayejifunza hukosea zaidi. Mwaka 1969, Zajonc na wenzake walionyesha kuwa hata mende, wakitazamwa na mende wenzao, hukimbia upesi katika njia iliyonyooka, lakini huchelewa penye kona za kutatanisha.

Umati humgusa refa pia. Ligi Kuu ya Ujerumani iliporejea bila mashabiki Mei 2020 kwa sababu ya korona, timu za nyumbani zilishinda mara chache kuliko kawaida, na marefa wakapunguza kuzipendelea.

Kwa chipukizi wa Makupa, basi, dawa ni kuzoeshwa kutazamwa tangu mazoezini, kabla ya siku ya fainali. Nao mashabiki wakumbuke: kumzomea anayejifunza ni kumwongezea makosa.