Kurekodi Matangazo ya Setilaiti kwa Kompyuta ya Nyumbani: Msaada kwa Mgonjwa Asiyepaswa Kukesha

Mgonjwa wa kifafa anayeanguka tena baada ya miezi mingi ya utulivu huulizwa kwanza kuhusu dawa: je, zilikwisha, alizisahau, au aliziacha kwa kudhani amepona? Swali la pili, ambalo sisi wahudumu wa afya hulisahau mara kwa mara, ni hili: usiku uliotangulia ulilala saa ngapi? Kwa vijana wa Iyunga na kata jirani za Jiji la Mbeya, jibu mara nyingi linahusu mpira. Katika miezi ya baridi ya Ulaya, mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa huanza saa tano usiku kwa saa zetu na kumalizika yapata saa saba. Kijana anayetakiwa kuwa kazini kiwandani saa kumi na mbili asubuhi huamka saa kumi na moja. Hesabu ya usingizi wake haifiki saa nne, ilhali mtu mzima anahitaji zisizopungua saba.

Upungufu wa usingizi ni miongoni mwa vichochezi vya kifafa vinavyofahamika vizuri zaidi. Ubongo uliokosa usingizi huzidisha utoaji wa ghafla wa umeme wa seli zake, na ndiyo sababu wakati mwingine tunamwomba mgonjwa apunguze usingizi kwa makusudi kabla ya kipimo cha umeme wa ubongo, ili hitilafu iliyojificha ijitokeze. Anayekesha kwenye kibanda umiza hujifanyia jaribio hilohilo bila daktari kuwapo. Mara nyingi pia huchelewa kumeza fenobabitoni au kabamazepini yake ya usiku, na akiongeza bia mbili tatu, vichochezi vinakuwa vitatu kwa usiku mmoja.

Kumwambia mgonjwa wa namna hii aache mpira ni ushauri usiofuatwa, na mimi nimeuacha. Ninachomweleza ni kwamba saa ya matangazo si lazima iwe saa ya kutazama. Aliye na dishi na kompyuta nyumbani anaweza kulala saa nne, akaikuta mechi nzima jioni ya siku inayofuata.

Jambo hili ni rahisi leo kuliko lilivyokuwa zama za kanda za video. Wakati ule mashine ilinakili mawimbi, na kila nakala ilipoteza ubora. Matangazo ya setilaiti ya sasa hufika nyumbani yakiwa tayari ni tarakimu. Setilaiti huwa juu ya ikweta, umbali wa kilomita 35,786, nayo huonekana kama imesimama mahali pamoja angani kwa kuwa huzunguka kwa mwendo uleule wa dunia. Dishi hukusanya mawimbi hayo na kuyaelekeza kwenye kichwa kilicho mbele yake, ambacho mafundi hukiita LNB. Kichwa hicho huyashusha hadi masafa ambayo waya unaweza kuyabeba mpaka ndani. King'amuzi huchambua mfululizo wa tarakimu na kuugeuza picha na sauti. Kompyuta ikipewa kifaa cha kupokea setilaiti, hufanya kazi hiyohiyo, ila badala ya kuonyesha tu, huuhifadhi mfululizo kwenye diski yake jinsi ulivyofika. Haichoshwi sana na kazi hiyo. Hata kompyuta ya zamani huimudu.

Kifaa chenyewe huwa ni kadi ya kuchomeka ndani ya kompyuta ya mezani au kisanduku kidogo cha kuunganisha kwa waya wa USB. Hapa wengi hupoteza fedha. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na tangu hapo matangazo ya antena ya kawaida nayo ni ya kidijitali, kwa mfumo uitwao DVB-T2. Mfumo wa dishi ni mwingine, DVB-S2, pamoja na mtangulizi wake DVB-S. Vifaa vya mifumo hii hufanana kwa sura na huuzwa rafu moja, lakini kilichotengenezwa kwa ajili ya antena hakisomi dishi. Herufi iliyo baada ya kistari ndiyo ya kuangalia kabla ya kulipa. Programu za kurekodi zipo za bure, kama NextPVR na Tvheadend, na VLC hufungua karibu kila faili inayotokana nazo.

Nafasi ya kuhifadhi ihesabiwe mapema. Chaneli ya ubora wa kawaida inayotuma megabiti 4 kwa sekunde hujaza gigabaiti 1.8 kwa saa. Ya ubora wa juu inayotuma megabiti 8 hujaza 3.6. Mechi pamoja na maandalizi yake, saa mbili na nusu hivi, itahitaji kati ya gigabaiti 4.5 na 9. Flashi nyingi zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haukubali faili moja kufika gigabaiti 4, hata flashi yenyewe ikiwa na nafasi ya 64. Rekodi hukatika katikati ya kipindi cha pili, na mwenye nyumba hudhani umeme ulikatika. Afadhali kurekodi kwenye diski ya kompyuta, au kuipanga flashi upya kwa exFAT au NTFS.

Umeme nao kweli hukatika. Kompyuta mpakato ina faida hapa, kwa kuwa betri yake huivusha, ila sharti dishi lisitegemee chombo kingine kilichozimika: kichwa cha dishi hupata umeme wake kupitia waya uleule, kutoka kwenye kifaa cha kupokelea. Kisanduku kinachotumia adapta yake ukutani kitazimika hata kama kompyuta inaendelea.

Mvua ni habari nyingine. Vituo vingi tunavyovipata kwa madishi madogo hutumia masafa ya Ku, na mawimbi ya masafa hayo hudhoofishwa na matone makubwa ya mvua na mawingu mazito. Kuanzia Novemba hadi Aprili, Mbeya hupata jioni ambazo picha huvunjika vipande vipande kisha hupotea. Kompyuta haiwezi kurekodi kisichofika. Dishi lililoelekezwa kwa usahihi na lisilotikisika kwa upepo huvumilia mvua zaidi, basi likazwe vizuri kabla ya masika.

Kosa ninaloliona kuliko yote halihusu vifaa, bali saa. Sisi huhesabu saa tangu jua linapochomoza na linapozama. Kompyuta huhesabu tangu usiku wa manane. Mechi ya saa tano usiku huandikwa 23:00. Atakayeandika 5:00 ataamka na rekodi ya vipindi vya alfajiri. Tarehe ni mtego mkubwa zaidi. Mtaani tukisema mechi ni “saa saba usiku Jumatano”, wengi humaanisha usiku unaoanza jioni ya Jumatano. Kompyuta hubadilisha tarehe saa sita kamili, hivyo kwake hiyo ni Alhamisi, 01:00. Mwenye kusema “usiku wa kuamkia Alhamisi” ameshaikaribia lugha ya mashine. Kwa Kombe la Dunia la mwaka 2026, linalochezwa Marekani, Kanada na Meksiko kuanzia 11 Juni hadi 19 Julai, suala hili si dogo: mechi inayoanza saa kumi na mbili jioni Los Angeles, Iyunga ni saa kumi alfajiri ya siku inayofuata. Ongeza dakika kumi kabla ya mechi na saa nzima baada yake, kwa sababu mechi za mtoano huweza kwenda dakika 30 za nyongeza, kisha penalti. Jaribu kwanza kwa kurekodi dakika kumi za kipindi chochote mchana, uone kama faili inafunguka.

Si kila chaneli itakayokubali. Chaneli za kulipia hufungwa kwa msimbo unaofunguliwa na kadi iliyo ndani ya king'amuzi. Kompyuta yenye kifaa cha kawaida itahifadhi tarakimu zisizosomeka. Baadhi ya ving'amuzi vina uwezo wa kurekodi vyenyewe, na kwa mechi za kulipia hiyo ndiyo njia halali. Anayekuuzia programu ya kuvunja msimbo anakuuzia kosa la jinai, na pengine virusi vya kompyuta juu yake.

Kurekodi kwa ajili ya kutazama baadaye nyumbani kumekubalika katika nchi nyingi. Mahakama Kuu ya Marekani ililiamua jambo hilo mwaka 1984, katika kesi iliyohusu mashine za video za Sony. Hapa nyumbani, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hutofautisha matumizi binafsi na maonyesho kwa umma. Muuguzi anayetaka kuonyesha kipindi cha afya alichorekodi katika sebule ya kusubiria ya zahanati aombe kwanza ruhusa ya kituo kilichokirusha. Barua moja hutosha, nami naamini vituo vingi havitakuwa na sababu ya kukataa.

Kwa wagonjwa wa moyo na shinikizo la damu kuna faida nyingine. Wakati wa Kombe la Dunia la mwaka 2006, watafiti katika eneo la Munich, Ujerumani, walihesabu dharura za moyo. Siku ambazo timu ya Ujerumani ilicheza, dharura hizo zilikuwa mara 2.66 ya siku za kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Siwezi kudai kwamba rekodi huondoa msisimko huo. Lakini mechi iliyorekodiwa husimamishwa kwa kitufe kimoja: mgonjwa anayehisi kifua kubana husimama na kutafuta msaada bila kuogopa kupitwa na bao, na mwenye kisukari hula chakula chake kwa saa yake. Adui pekee wa rekodi ni jirani atakayepiga kelele za ushindi usiku wa manane, na kwa Iyunga, hilo halina dawa.

Kwa mhudumu wa afya anayemweleza mgonjwa haya yote: muulize pia kama amewahi kuanguka akiwa mbele ya televisheni, au mwanga unaomweka-mweka ukimsumbua. Takriban watu 3 kati ya 100 wenye kifafa huchochewa na mwanga wa namna hiyo, zaidi wakiwa watoto na vijana, na kwao rekodi ina mwanga uleule wa matangazo ya mubashara. Mgonjwa huyo akae angalau mita mbili kutoka kwenye skrini, taa ya chumba iwe inawaka, na skrini ya kompyuta isiwe inchi chache mbele ya uso wake kitandani. Mimeto mikali ikianza ghafla, afunike jicho moja kwa kiganja na kugeuza uso pembeni. Kufumba macho yote mawili hakumkingi, kwa sababu mwanga hupenya kope.