Mkesha wa Taita: Ndege Asiyepatikana Kwingine Duniani

Watoto wengi wa Kaunti ya Taita Taveta wanawajua ndovu na simba wa Tsavo. Ni wachache wanaomjua mkesha wa Taita, ndege mwimbaji wa misitu ya milimani, ambaye wanasayansi humwita Turdus helleri. Ndege huyu haishi popote duniani ila katika Milima ya Taita.

Utamtambuaje? Kichwa na kifua chake ni cheusi, mbavu zina rangi ya kutu, tumbo ni jeupe na mdomo una rangi ya chungwa.

Mkesha huyu ana jamaa zake nchini Kenya. Mmoja huonekana kwenye bustani za Nairobi akirukaruka kwenye nyasi. Mwingine, aliyezungukwa na ngozi tupu machoni, huishi kwenye vichaka vya sehemu kame. Hao wamezoea mahali pa wazi. Mkesha wa Taita anahitaji msitu wa kiasili wenye kivuli kizito.

Kwa nini kivuli? Chakula chake kiko chini ya miti. Hupekua majani yaliyoanguka akitafuta wadudu, na pia hula matunda madogo. Miti ikikatwa, jua hupenya, ardhi hukauka na wadudu hupungua.

Zamani misitu ilifunika sehemu kubwa ya milima hii. Leo mkesha amebaki katika vipande vichache: Mbololo, Ngangao na Chawia. Mbololo ndiko waliko wengi zaidi. Chawia wamebaki wachache. Kati ya misitu hiyo kuna mabonde, mashamba na nyumba, na ni nadra ndege huyu kuvuka mahali pa wazi. Kwa hivyo wakiisha katika msitu mmoja, si rahisi wengine kuja kujaza nafasi yao.

Misitu hiyo hiyo hunasa ukungu na kulinda chemchemi zinazoteremsha maji vijijini. Anayemlinda mkesha analinda pia mtungi wa nyumbani.

Watoto wanaweza kusaidia:

- Usiwapige ndege kwa manati wala kugusa viota.
- Usiwashe moto msituni au karibu nao.
- Ukipanda mti kando ya msitu, chagua wa kiasili badala ya mkaratusi.
- Ukiingia msituni na mwalimu, nyamaza usikilize. Huenda ukamsikia mkesha kabla ya kumwona.