Wiki Inayobebwa na Wasiolipwa

Wachungaji wengi hupumzika Jumatatu, maana Jumapili imewachosha. Katika mtaa wa Kawangware, Nairobi, desturi hiyo ni ngumu kuishika. Jumatatu ndiyo siku watoto hurudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na mzazi aliyeachwa langoni mwa shule hupitia kanisani kabla ya kwenda kwingine. Elimu ya msingi bila malipo ilianza Januari 2003, lakini shule za umma mtaani hazitoshi. Watoto wengi husoma kwenye shule ndogo za mabati, nyingine zikiendeshwa na makanisa yenyewe. Hivyo mchungaji anayeombwa msaada wa karo huenda ndiye anayedai hiyo karo, na walimu wake wanasubiri mshahara.

Ratiba iliyobandikwa ukutani ina maombi, jumuiya, kesha la Ijumaa, watoto Jumamosi na ibada Jumapili. Hata hivyo wiki huendeshwa na mambo mengine. Tarehe tano ya mwezi ikipita, mwenye ploti hufunga kwa kufuli milango ya wasiolipa kodi, na familia nzima huja kuuliza watalala wapi.

Lakini hakuna kinachovuruga ratiba kama msiba. Wakazi wengi wa Kawangware asili yao ni magharibi mwa Kenya, na marehemu ni lazima azikwe kwao. Kila jioni watu hukusanyika kuchanga: jeneza, ada ya mochari, basi, chakula cha safari. Pesa zisipotimia, mwili unabaki mochari na ada inazidi kupanda, kwa hiyo kila siku ya kuchelewa inaongeza deni. Ni lazima awepo mtu wa kushika daftari, kuwapigia simu waliotoa ahadi, kwenda mochari ya City kwenye barabara ya Ngong, na kuhakikisha basi linaondoka Ijumaa jioni kuelekea Kakamega au Vihiga.

Mara nyingi mtu huyo si mchungaji. Ni mama wa umoja wa akina mama, ambaye asubuhi alivuka kwenda Lavington kutafuta kibarua cha kufua nguo, akarudi alasiri na kuanza kazi ya pili isiyo na malipo. Wengine kama yeye ndio wanaomtembelea mgonjwa aliyeacha dawa na kumsindikiza msichana aliyedhulumiwa hadi kituo cha polisi. Jumamosi hukaa na watoto. Makanisa yanayoshirikiana na mashirika ya ufadhili kama Compassion International huwa pia na barua za watoto kwa wafadhili wao, na lazima awepo mtu wa kukaa nao wakiziandika.

Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima, kila mmoja akiahidiwa shilingi 5,000 kwa mwezi. Ni kiasi kidogo, na yamekuwepo malalamiko kwamba huchelewa. Hata hivyo taifa limekiri kwamba kutembea nyumba kwa nyumba ni kazi. Makanisa mengi bado hayajakiri hivyo. Mama huyo hushukuriwa, huombewa, kisha huongezewa majukumu.

Hilo huonekana hata kwenye michango. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa mchango ambao Rais Ruto alitoa katika Kanisa Katoliki la Soweto, jijini humo. Mjadala ulihusu siasa madhabahuni, na naamini askofu alifanya vyema. Kuna jambo lingine la kuangalia hapo: fedha zile zilikuwa za nyumba ya padri na za kwaya. Harambee za makanisa yetu, ziwe za wanasiasa au za waumini, huelekea kwenye majengo, vyombo vya muziki na viti. Sijasikia harambee ya kumlipa anayeshika daftari la msiba.

Viongozi watajibu kwamba sadaka ya mtaa maskini haitoshi. Ni kweli haitoshi mshahara. Inaweza kutosha nauli ya kwenda mochari, kredi ya simu, chakula cha mchana, na posho ya siku ambayo mama huyo ameacha kibarua kwa ajili ya kanisa. Inaweza pia kutosha kumpa mwenzake wa kupokezana naye, ili naye apate Jumatatu yake. Mambo haya yaandikwe kwenye bajeti ya mwaka, juu ya mstari wa spika.