Landilodi wa Kitale, Soma Hii Kabla Watu wa Intaneti Hawajatoboa Ukuta Wako

Kama uko na ghorofa pale Kipsongo ama mtaa wowote wa Kitale, siku moja jamaa wa kampuni ya intaneti atabisha geti. Atakuambia kufungiwa ni bure kabisa. Poa, lakini usisaini haraka.

Kwanza, uliza anafunga nini. Mara nyingi ni waya wa faiba kutoka kwa mlingoti wa stima, kisanduku kwa korido, halafu waya mwembamba hadi kila keja. Wengine huweka antena kwa paa. Akuonyeshe atatoboa wapi, na muandike ni nani atalipa paa ikianza kuvuja.

Pili, stima. Kifaa cha wati 20 kikiwaka mchana na usiku, siku 30 kinakula yuniti 14.4. Yuniti ikiwa bob 30, hiyo ni bob 432 kwa mwezi, na kwa mwaka inapita 5,000. Inatoka kwa tokeni za nani? Mwambie alipe ama afunge mita yake ndogo.

Tatu, na hapa ndipo kuna noma. Kampuni inaweza kukuahidi kakitu kila mwezi ukifungia wengine nje. Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza makubaliano ya kuua ushindani, isipokuwa Mamlaka ya Ushindani iwe imeyaruhusu. Katiba nayo, kifungu cha 46, inampa mteja haki ya huduma ya ubora unaofaa. Net ikilala wiki nzima na hakuna kampuni nyingine, mpangaji anayetegemea kazi za online atahama. Keja tupu itakula hiyo kakitu yote.

Nne, itisha leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Kwa mkataba weka muda, notisi ya kuvunja, na kwamba wakitoka wataondoa waya zao na kuziba mashimo.

Na wewe pia usikaze sana. Ukiitisha doo kubwa mlangoni, fundi atavuka tu hadi ploti ya jirani, na wapangaji watamfuata.

Wewe mpangaji je? Usiite fundi atoboe ukuta kimyakimya. Jipangeni na majirani, muende kwa landilodi kama kikundi na bei mkononi. Keja kumi zikiongea pamoja, hata keateka atawafungulia geti.